PesaCheck, Africa Check au Kenya Law: nani anakuonesha kifungu chenyewe?

Kundi la WhatsApp la wauzaji wa soko la Kongowea halimalizi wiki bila sheria mpya. Leo mkate umetozwa ushuru, kesho kila mwenye tuktuk analipa laki moja, keshokutwa serikali inachungulia M-Pesa za watu. Mimi ndiye katibu wa kundi hilo. Kabla sijaanza kuuza viungo nilikuwa karani katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa, nikipanga faili na kusaka matoleo ya Gazeti Rasmi la Serikali, na kwa sababu hiyo kila ujumbe wenye nembo ya taifa huishia kwangu: "Bi Katibu, hebu tuangalizie hili." Nami huangalia. Nayaandika haya kwa mwenzangu yeyote mwenye kazi kama hii, ili ajue ni huduma zipi za uhakiki zinafaa swali likihusu sheria, na zipi humfikisha nusu ya safari.

Nasisitiza sheria kwa sababu si sawa na picha. Picha ya mafuriko ya miaka mitano nyuma ikisambazwa kama ya jana, mhakiki akishaonesha ilipotoka, kazi imekwisha. Madai ya sheria hayaishi hivyo. Mswada huchapishwa, husomwa mara ya kwanza, huenda kwenye kamati, wananchi hutoa maoni, husomwa mara ya pili na ya tatu, hupelekwa kwa Rais, huchapishwa, kisha huwa na tarehe yake ya kuanza kutumika. Baada ya hapo mtu anaweza kwenda mahakamani ukasimamishwa. Jibu la swali lile lile linaweza kugeuka katika kila hatua. Kwa hiyo ninapomsoma mhakiki natafuta mambo mawili. Je, ameniwekea kifungu nikisome mwenyewe? Na je, amenieleza kimefika hatua gani, tarehe ngapi?

Mtihani mkubwa ulikuwa Mswada wa Fedha wa 2024. Watu wengi wanaukumbuka kwa maandamano. Mimi naukumbuka pia kwa simu iliyokuwa haipoi. Mswada ulipotoka mwezi Mei ulikuwa na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, pendekezo la kupandisha ushuru wa kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 15 hadi 20, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Yote hayo yalikuwa yameandikwa mswadani. Sasa aliyesambaza kwamba "kila mwenye gari atalipa laki" alikuwa ameshika kikomo cha juu na kukifanya cha watu wote. Laki ingemfikia mwenye gari la milioni nne kwenda juu. Mwenye tuktuk ya laki tatu, hesabu yake ilikuwa shilingi 7,500. Hizo 7,500 nazo zilikuwa zikimuuma dereva wa tuktuk, na alikuwa na haki ya kuzipinga, lakini alipaswa kupinga 7,500 na si laki.

Tarehe 18 Juni mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa, Kuria Kimani, akatangaza kwamba VAT ya mkate, kodi ya magari, ushuru wa mafuta ya kupikia na ile nyongeza ya kutuma pesa vimeondolewa. Tarehe 20 wabunge wakapiga kura ya kusomwa mara ya pili, 204 wakiunga mkono na 115 wakipinga, na jioni ile kundi letu likajaa "imepita, mkate umepanda." Mkate ulikuwa umeshatolewa siku mbili kabla. Tarehe 25 ukapitishwa kusomwa mara ya tatu, vijana wakaingia Bungeni, watu wakauawa. Siku iliyofuata Rais Ruto akasema hautii saini.

Chukua uhakiki wa mwezi Mei uliosema, "Ni kweli, mswada unapendekeza VAT kwa mkate." Ulikuwa sahihi kabisa. Usambaze huo huo mwezi Julai, kichwa chake tu kikiwa kimepigwa picha bila tarehe, nao unageuka upotoshaji. Na si hayo tu: mwezi Desemba mwaka huo huo ilitiwa saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024, ikaanza kutumika tarehe 27, na baadhi ya mambo yaliyokuwa kwenye mswada ulioanguka yakarudi humo. Aliyekuwa akijibu kila swali kwa "ule mswada ulikufa" alikuwa anawapoteza watu kwa mara ya pili. Ndiyo maana tarehe na hatua kwangu ni nusu ya jibu.

Huduma ninayoifungua kwanza ni PesaCheck. Ilianzishwa mwaka 2016 na Catherine Gicheru na Justin Arenstein, chini ya shirika la Code for Africa, na lengo lake la mwanzo lilikuwa takwimu za fedha za umma. Siku hizi inahakiki karibu kila kitu, lakini uzito wake mkubwa naukuta kwenye nyaraka bandia: waraka wa wizara ambao wizara haijautoa, tangazo la ajira lenye nembo ya taifa, barua ya "ruzuku ya serikali kwa wafanyabiashara wadogo" inayokutaka ubofye mahali na kuweka nambari ya kitambulisho. Nyaraka hizo ndizo zinazowaumiza watu wa soko, kwa sababu zinakuja zimevaa nguo za serikali. PesaCheck huilinganisha barua na nyaraka halisi za ofisi husika, huangalia kurasa rasmi za ofisi hiyo, huuliza, kisha huweka kiungo cha kila walichokiona pamoja na nakala iliyohifadhiwa, ili hata chapisho la uongo likifutwa ushahidi ubaki. Chini ya makala wanataja aliyeandika, aliyehariri na aliyeidhinisha. Niliyefanya kazi ofisini nalithamini jambo hilo kupita maelezo. Karatasi isiyo na jina la aliyeitoa, ofisini kwetu haikuingia kwenye faili.

Jambo jingine, wanachapisha kwa Kiswahili pia, licha ya Kiingereza, Kifaransa na Kiamhari. Makala ya Kiswahili naweza kuyapeleka kundini kama yalivyo, mzee anayeuza vitunguu akayasoma mwenyewe bila kunisubiri.

Ninapokwaruzana na mtindo wao, na si wao peke yao duniani, ni pale kwenye hukumu ya neno moja kwa herufi kubwa mwanzoni mwa kichwa. Kwa barua bandia neno moja linatosha: ni bandia, basi. Kwa kifungu cha mswada halitoshi hata kidogo. Mtu akisema "kila mwenye gari atalipa laki" ukamwandikia kwamba ni uongo, msomaji anaondoka akiamini hakuna kodi ya gari. Ukimwandikia ni kweli, anakwenda kuuza tuktuk yake. Watu hawafiki aya ya nne. Wanapiga picha ya kichwa wanaituma.

Kwa upande huo Africa Check wananiridhisha zaidi. Hawa ni wakongwe, walianza Johannesburg mwaka 2012 kwa ushirikiano wa wakfu wa shirika la habari la AFP na chuo kikuu cha Wits, na sasa wana ofisi Nairobi, Lagos na Dakar. Kazi yao ninayoipenda ni ile ya hotuba. Kiongozi akisimama jukwaani akamwaga takwimu na ahadi, wao huikata hotuba dai kwa dai, na kila dai hupewa hukumu yake. Kabla ya hapo humtafuta msemaji wenyewe na kumuuliza alikotoa hesabu hiyo. Hukumu zao ni ngazi: sahihi, sahihi kwa kiasi kikubwa, haijathibitishwa, inapotosha, imetiwa chumvi, imepunguzwa, si sahihi. Lile dai la tuktuk na laki moja lingekaa vizuri kwenye "imetiwa chumvi", na msomaji angejua chini ya chumvi kuna samaki.

Wana pia maelezo marefu ya msingi, yasiyojibu uvumi wowote bali yanayofafanua jambo lilivyo, na hayo nayatumia sana msimu wa bajeti. Tatizo ni kwamba wanaandika zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa, na kwa urefu. Kundi langu halitasoma kurasa nne za Kiingereza saa ya kushusha mzigo. Hapo kazi inarudi kwangu: nasoma, napanga, narekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwa Kiswahili. Silalamiki, maana ujumbe wa sauti ndio uvumi wenyewe unavyosafiri Kongowea, na jibu likija kwa njia ile ile linasikika. Ila nawaomba wajue kwamba hatua hiyo ya mwisho inafanywa na watu kama mimi, tunaoweza kukosea katika kufupisha. Laiti wangeirekodi wao.

Wote wawili wamo kwenye mtandao wa kimataifa wa wahakiki, IFCN, wenye kanuni za kutopendelea upande, kuonesha vyanzo, kutaja anayewafadhili, kueleza njia zao na kusahihisha makosa hadharani. Mtu akiniuliza, "Hawa wanalipwa na nani?", ninamfungulia ukurasa wa wafadhili asome. Swali hilo si la kubeza, liulizwe. Meta, wenye Facebook na WhatsApp, imekuwa ikiwalipa wahakiki wa nje kukagua machapisho, na Januari 2025 ilitangaza kuuacha mpango huo kwa kuanzia na Marekani. Huku kwetu tunaotegemea kazi hiyo lazima tufuatilie hatima yake.

Sasa nije kwenye chombo ambacho watu hawakihesabu kuwa huduma ya uhakiki, nami nakiweka juu ya vyote kwa swali la sheria. Ni Kenya Law, tovuti ya Baraza la Kitaifa la Ripoti za Sheria, shirika la umma. Humo mna Katiba, sheria za Bunge, kanuni, matoleo ya Gazeti Rasmi, miswada na hukumu za mahakama, bila malipo. Zamani, ili nimpatie wakili nakala ya toleo moja la Gazeti, nilikuwa nikipanda ngazi za maktaba na kusubiri. Leo muuza nyanya anayafungua yote kwa bando la shilingi ishirini. Sijui kama watu wanaelewa ukubwa wa jambo hilo.

Nitaeleza kwa mfano kwa nini naiweka juu. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipotoka, kundini kulikuja: "KRA itaona M-Pesa yako yote." KRA ndiyo mamlaka ya kukusanya kodi Kenya. Nikafungua mswada. Ulichosema kuhusu jambo hilo ni kifupi ajabu: Sheria ya Taratibu za Kodi, kifungu cha 59A, irekebishwe kwa kufuta kijifungu cha (1B). Basi. Ukisoma hapo peke yake hupati kitu, na ndipo wengi walipoishia, wengine wakisema hakuna neno M-Pesa mswadani kwa hiyo ni uzushi. Lakini fungua Sheria ya Taratibu za Kodi yenyewe, usome hicho kijifungu kinachotaka kufutwa, na utakuta ndicho kilichokuwa kikiizuia KRA kumtaka mfanyabiashara aunganishe mfumo wake kwa namna inayoipa siri za biashara na taarifa binafsi za wateja anazozihifadhi. Kwa hiyo uvumi ulikuwa umezidisha maneno, lakini wasiwasi ulikuwa na mahali pa kusimama: kinga ilikuwa inaondolewa. Wabunge walilikataa pendekezo hilo, na Sheria ya Fedha ya 2025 iliyotiwa saini tarehe 26 Juni haikuwa nalo.

Mhakiki anayeweka mambo hayo mawili pamoja, mswada upande huu na sheria mama upande ule, huyo amenifanyia kazi kweli. Anayeniambia "tumemuuliza msemaji wa wizara amekanusha" hajanifanyia uhakiki wa sheria. Msemaji hatungi sheria, na neno lake halitamfaa muuza duka siku akifikishwa mbele ya mahakama. Kanusho la ofisi linatosha kwa barua bandia, maana ofisi ndiyo inayojua ilichokiandika. Kwa maana ya kifungu, kifungu ndicho shahidi.

Ada ya nyumba ilinifundisha hilo zaidi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta asilimia 1.5 kwa wenye mishahara. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema inakiuka Katiba. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda wa kuendelea kukatwa, makato yakasimama. Kisha tarehe 19 Machi 2024 Rais akatia saini sheria mpya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, makato yakarudi. Miezi mingi baadaye kundini bado kulikuwa na sauti ya mtu akisherehekea kwamba "korti imefuta". Korti ilifuta kweli; ilichofuta ni sheria iliyokwisha kubadilishwa.

Na hapo hapo kulikuwa na imani ya pili: ada ya nyumba ni ya walioajiriwa, sisi wa sokoni haituhusu. Wengi walitaka niwathibitishie hivyo. Nikafungua kifungu cha 4 cha sheria mpya: inatoza asilimia 1.5 ya mshahara, na pia asilimia 1.5 ya mapato ya mtu ambayo si mshahara. Nikaituma picha ya kifungu chenyewe. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, na wapo walioninunia. Lakini sikuwekwa ukatibu niwape watu habari tamu. Mfanyabiashara anayejua kinachomhusu anaweza kujipanga, au kumtafuta mbunge wake, au kwenda mahakamani. Aliyedanganywa kwamba hahusiki hana hata njia moja kati ya hizo.

Kenya Law ina upungufu wake, nao ni wa aina ambayo mtu asiye na mazoea atateleza. Juu ya kila sheria kuna tarehe inayokueleza maandishi yale yanafikia lini. Marekebisho yaliyopita baada ya tarehe hiyo yanaweza kuwa bado hayajaingizwa, kwa hiyo lazima utafute na sheria iliyorekebisha. Tena lugha ni Kiingereza cha mawakili. Katiba ilitafsiriwa kwa Kiswahili, lakini sheria za Bunge kwa sehemu kubwa zinabaki kwa Kiingereza, na hilo kwangu ni deni la taifa kwa wananchi wake. Kwa miswada inayoendelea naongeza tovuti ya Bunge, penye ripoti za kamati na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, na jukwaa la Dokeza la Mzalendo Trust, ambapo mtu anaweza kutoa maoni kwenye mswada kifungu kwa kifungu. Ripoti ya kamati ndiyo waraka unaodharauliwa kuliko wote. VAT ya mkate ya 2024 iliondolewa kupitia ripoti ya kamati.

Niseme na juu ya upande wa Tanzania, maana nusu ya vitunguu vyetu havioti Kenya. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na siku hiyo kundini ikawa "Wakenya wamefukuzwa Tanzania, mpaka umefungwa." Hakuna mpaka uliofungwa. Nikaitafuta orodha yenyewe. Imo biashara ya rejareja na jumla isipokuwa maduka makubwa na vituo maalumu, imo kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, uongozaji watalii. Na imo moja iliyonifanya nipige simu kwa wanunuzi wetu usiku ule ule: kununua mazao shambani. Adhabu kwa asiye raia ni faini isiyopungua shilingi za Tanzania milioni 10, au kifungo cha hadi miezi sita. Uvumi ulikuwa mkubwa kuliko ukweli, lakini ule ukweli mdogo ndio uliokuwa ukiwahusu watu wangu hasa. Mhakiki aliyeishia kuandika kwamba Wakenya hawajafukuzwa alisema kweli, na mnunuzi wa vitunguu angeweza kuisoma kweli hiyo na bado akaingia matatani shambani.

Kwa mambo ya huko natumia JamiiCheck, ya JamiiForums. Ni Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, Kiswahili cha mtu anayeongea na wewe, na hukumu zake ni za wazi. Wana pia nafasi ya kusema jambo bado ni nadharia, yaani halijathibitika upande wowote, na unyofu huo nauheshimu. Wananchi wenyewe hupeleka madai yakaguliwe. Lakini Septemba 2025 mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, ilisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Kwa hiyo usiitegemee huduma moja tu. Uwe na ya pili, na uwe na nakala ya waraka kwenye simu yako.

Kasi ni jambo jingine la kupimia, na hapa sitaji jina la mtu wala shirika. Kuna mtu alipita vibandani akiwatoza wanawake shilingi mia tano mia tano, ati awasajilie SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, kabla "sheria mpya" haijaanza kuwatoza faini. Usajili wa SHA ni bure, mtu anajisajili mwenyewe kwa *147#. Nilituma swali kwenye nambari ya uhakiki ya shirika moja asubuhi ile. Jibu lilikuja, zuri, lenye viungo, watu wakiwa wameshalipa. Siwalaumu kwa kuchunguza kwanza. Mhakiki anayejibu upesi bila kuchunguza ni mvumishaji mwingine. Ninachosema ni kwamba maswali yanayorudi kila mwaka yajibiwe kabla hayajaulizwa. Usajili wa SHA, kodi ya mauzo ya asilimia 3 na inamhusu nani (mauzo ya zaidi ya milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka), tofauti ya mswada na sheria: andaa majibu hayo mapema, kwa sauti, kwa Kiswahili.

Na wasimamizi wa makundi tuna sababu yetu ya kujali. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao, ilivyopitishwa mwaka 2018, kifungu cha 22, ilimwekea anayechapisha habari za uongo kwa makusudi faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Katika kundi letu nimeweka utaratibu: mtu akileta habari ya sheria, ataje jina la sheria na nambari ya kifungu, la sivyo aiandike kama swali. Tangu hapo sauti za vitisho zimepungua, na maswali yameongezeka.

Basi nikiulizwa nianze wapi, nasema hivi. Barua au tangazo lenye muhuri: PesaCheck. Takwimu kwenye hotuba: Africa Check. Jambo la Tanzania: JamiiCheck. Mswada au sheria ya Kenya: Kenya Law na tovuti ya Bunge kwanza, halafu wahakiki, ili ujue wanazungumzia kifungu kipi na wameandika tarehe ngapi.

Lipo pengo moja ambalo sijaona huduma yoyote ikiliziba vya kutosha, nalo ni sheria za fedha za kaunti. Kaunti ni 47, kila moja hupitisha sheria yake, na humo ndimo inamopangwa ada anayolipa muuza mboga kila siku: ya meza, ya gunia, ya lori kuingia sokoni. Uvumi wa ada hizo ni mwingi kuliko wa sheria za Bunge, na mkusanyaji asiye mwaminifu anaishi kwa watu kutojua kiwango halali. Nyaraka zake ni ngumu kuzipata. Ikibidi, mtu anaweza kuandika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na ofisi ya umma inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Mimi nimeanza kukusanya majedwali ya ada hizo, nayachapa kwa Kiswahili na kuyabandika pale penye mizani, kila moja likiwa na mwaka wa sheria na nambari ya kifungu. Shirika lolote kati ya haya likitaka kuanza kazi hiyo kwa kaunti za Pwani, nakala zote nitawapa bure.